Majibu Yasiyolipiwa Ushuru

Haikuwa zamani, na wala haikuwa mbali. Ilikuwa katika nchi moja nzuri sana ambayo sitaitaja jina, si kwa kuogopa, la hasha, bali kwa sababu jina lake limepelekwa kufanyiwa ukarabati na bado halijarudi. Mimi ni karani wa nchi hiyo. Niko Idara ya Forodha, katika Kamati ya Utambuzi wa Vitu Vigeni, na kazi yangu ni kuandika yanayosemwa kikaoni na kuangalia chai isipoe. Nayasema haya mapema kwa sababu siku hizi watu wana midomo. Wanasema Kamati yetu ilimdhulumu mama mmoja. Wanasema kuna mtoto. Haya, mimi nilikuwepo, nitawaeleza ilivyokuwa, na mwenye akili zake atajionea mwenyewe kwamba kila mtu alifanya kazi yake vizuri.

Kwanza muijue Kamati. Katika nchi nyingine, ambazo bado zinakua, kitu huingia kwa karatasi. Karatasi ikisema hii ni sabuni, basi inapita kama sabuni. Waasisi wetu waliuona utoto huo. Karatasi imeandikwa na nani? Na mwenye mali! Mwenye mali atasema nini zaidi ya linalomfaa? Kwa hiyo sisi tuna desturi yetu. Kitu kigeni huwekwa mezani, kinaambiwa kitende kile ambacho hukitenda, Kamati inakitazama, halafu Kamati ndiyo inakiambia kitu ni kitu gani.

Na tumetambua vingi. Kiti cha magurudumu kililetwa na mzee mmoja asiye na miguu. Kikatembea mbele yetu kutoka mlangoni hadi dirishani, tukaona wazi kwamba ni gari, na mzee akaambiwa alete leseni ya udereva na vioo vya pembeni. Kile chombo cha madaktari cha kusikilizia kifua, Mwenyekiti wetu alikiweka masikioni, akasikia moyo wake unavyodunda, akafumba macho kwa raha. Tukakiandika ala ya muziki. Mpaka leo madaktari wa nchi yetu wanalipa ada ya chama cha wanamuziki, na sijasikia hata mmoja akilalamika kwa sauti.

Watu wabaya hupenda kuuliza: kwani Kitabu chenu cha Ushuru hakina kifungu cha vyombo vya maabara? Kipo, jamani, tena kizuri. Kinasema kila chombo cha kupimia kwa ajili ya afya ya wananchi kiingie bila ushuru wowote. Wageni wa heshima huletwa kukisoma, na wengine hutokwa na machozi. Tangu nchi ipate uhuru hakuna kitu kilichowahi kuingizwa katika kifungu hicho. Tumekitunza kama sebule ya wageni, makochi yake bado yana nailoni.

Basi asubuhi moja akaja Bi. Tunu Mshangama. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazini, jambo ambalo halikumsaidia, kwa kuwa Mzee Pazi, mjumbe wetu wa siku nyingi, alidhani ni muuza nyama na akamwambia bucha ziko upande wa pili wa barabara.

"Mimi ni mkuu wa maabara, mzee wangu," akasema. "Hospitali ya Visimavinne."

Visimavinne ni mji wenye visima vitano. Cha tano kilichimbwa juzijuzi na Wizara, kina pampu ya kisasa, na Waziri mwenyewe alikuja kukata utepe. Ila kibao cha mji kilikuwa kimeshaandikwa, na kuandika kibao kingine ni kazi.

Mama yule alieleza shida yake amesimama, maana kiti cha waombaji kilikuwa bado kinatambuliwa. Alisema watoto wa mji wake wanaharibika. Wanaanza kwa tumbo, kisha fizi zinapata mstari wa buluu, kisha maneno yanawapungua mmoja mmoja, mpaka mtoto anakaa tu. Alisema ni sumu ya madini, na imo katika maji, na kwa hesabu yake imo katika kisima kimoja, kwa kuwa si watoto wote wanaougua. Lakini kipi? Watu wa mji ule huchota popote, leo hapa, kesho pale, penye foleni fupi. Hospitali haikuwa na mashine ya kupimia. Maabara Kuu ya Taifa ilikuwa nayo, yaani ingekuwa nayo, ila ya kwao ilikuwa bado ghalani kwetu, nyuma ya marobota ya mitumba, ikisubiri zamu. Ndipo wahisani wa nje wakamtumia yake, ikafika, nasi tukaipokea na kuipiga lakiri.

"Kwa nini usivifunge vyote?" akauliza Mwenyekiti, Kamishna Ngwali, mtu mwenye huruma sana.

"Wanywe nini, Mheshimiwa?"

"Basi ukisie kimoja."

"Nikikisia nikafunga kizuri, wote watahamia kibaya. Nitakuwa nimewamaliza." Akazungusha pete kidoleni. "Mmoja ni mtoto wa mdogo wangu. Anaitwa Hidaya. Alikuwa msemaji, mpaka tunamwambia, pumzika mama, utamaliza maneno ya kesho. Sasa ananitazama tu. Nikimwita anageuka baada ya muda, kama anayekumbuka kwamba hilo ni jina lake. Mashine ile naitaka leo, Mheshimiwa. Nikishajua ni kisima gani, nakwenda kukifunga kwa mikono yangu."

Mwenyekiti akanigeukia kuuliza kama habari ya mtoto inaandikwa. Nikamwambia haina kifungu.

Mashine ikaletwa mezani. Ilikuwa na ukubwa wa tenga la kuku, ina kifuniko juu, kioo mbele, taa ya kijani na taa nyekundu. Mzee Pazi, ambaye kabla ya kupandishwa cheo alikuwa meza ya vyombo vya jikoni kwa maisha yake yote, alifungua kifuniko akachungulia.

"Hapa kuna kisufuria," akasema.

"Ndimo linamounguzwa tone la maji, mzee wangu, ili mashine isome kilichomo."

"Umesikia, Karani? Andika. Inachemsha maji. Ni birika."

Wakili Shemsa, mwanasheria wetu, mama msomi anayevaa miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, hakukubaliana. Yeye alisema kitu chenye kioo kinachowaka ni televisheni, na kama ni televisheni basi ina leseni yake na ina vipindi vyake, na vipindi lazima vipitiwe kabla havijaonekana. Mzee Pazi akauliza tangu lini televisheni ikawa na kisufuria. Wakili akauliza tangu lini birika likawa na kioo. Wakafika mahali pa kutajiana ukoo, ikabidi Mwenyekiti asimame.

"Ndugu wajumbe," akasema, na aliposimama sote tulijua tutachelewa chakula. "Taifa ni mlango. Mlango usiojua nani anapita si mlango, ni tobo. Mimi nazitazama taa hizi, kijani na nyekundu, na moyo wangu unaniambia nipo njia panda, naongoza magari. Je, tuseme ni taa za barabarani? Tungeweza. Lakini hatutaki kukurupuka. Desturi yetu inasema kitu kitende. Naagiza chombo hiki kiwashwe mbele ya Kamati hii, kwa heshima zote, katika kikao kijacho."

"Kijacho lini, Mheshimiwa?" akauliza Bi. Tunu.

"Wiki ijayo."

"Si kiwashwe sasa hivi? Soketi ile pale. Watoto wanakunywa leo."

"Mama, leo ni kikao cha kupanga kikao," Mwenyekiti akamwambia kwa upole, na kweli ndivyo ilivyokuwa, mimi mwenyewe niliandika hivyo juu ya ukurasa.

Nilidhani angelia. Wengi hulia hapo, tumewawekea hata beseni. Lakini aliitazama ile soketi muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: siku hiyo ya kuiwasha, Kamati italeta maji ya kupima, au alete yeye?

Mwenyekiti akasema alete yeye. Idara haina bajeti ya maji.

Wiki iliyofuata alikuja na chupa tano ndani ya kikapu, kila moja imebandikwa jina la kisima chake. Mimi niliziona nikasema moyoni, huyu mama ana adabu, ameiletea Kamati chupa tano wakati moja ingetosha. Sikuelewa kitu. Hata wajumbe hawakuelewa. Walikuwa wamevaa suti za sherehe, na Mzee Pazi alikuwa amekuja na majani ya chai mfukoni, ili birika litakapojithibitisha lisikose la kufanya.

Bi. Tunu akachomeka waya. Mashine ikaguna, kioo kikawaka. Akadondosha tone la chupa ya kwanza, akafunga kifuniko. Tukasubiri. Ikawaka kijani. Kamati ikapiga makofi.

Chupa ya pili, kijani. Ya tatu, kijani. Makofi. Mwenyekiti alikuwa ananinong'oneza kwamba mambo ya njia panda sasa yako wazi kabisa. Ya nne, kijani tena, na Mzee Pazi akalalamika kwamba maji hayatoshi hata kikombe kimoja.

Ya tano, mashine ilinyamaza. Halafu ikapiga ukelele, yowe la mtu aliyekanyagwa kidole, na taa nyekundu ikawaka, ikakataa kuzimika.

Sasa, wasomaji, chupa ile ilikuwa ya kisima gani, sitasema. Ruhusa niliyopewa ya kusimulia kisa hiki ni ya kila kitu isipokuwa hilo. Naruhusiwa tu kusema kwamba wajumbe wote waligeuka kwa pamoja kutazama picha iliyopo ukutani kwetu, ambamo Waziri anakata utepe na Kamishna Ngwali amemshikia mkasi. Kamishna alikuwa na haki ya kuushika. Mabomba ya kisima kile tuliyatambua sisi, upesi upesi, kama zawadi za sikukuu, kwa kuwa aliyeyaagiza alikuwa shemeji wa mtu.

Bi. Tunu hakutazama picha. Alikaa chini, pale pale sakafuni, koti jeupe na yote. "Nimekipata," akasema. "Ee Mola wangu, nimekipata." Akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa koti. Kisha akainuka, akachukua kikapu chake.

"Asanteni sana waheshimiwa. Mashine bakini nayo. Iiteni birika, iiteni jokofu, iiteni mnavyopenda. Mimi nawahi basi."

Hapo ndipo wote walipofahamu chupa tano zilikuwa za nini. Mimi, sijui kwa nini, nilijikuta nimesimama kumfungulia mlango.

"Simama hapo hapo," akasema Wakili Shemsa. "Unakwenda wapi nayo?"

"Na nini? Kikapu changu mwenyewe."

"Na majibu."

Lazima niseme kwamba sijawahi kusikia sheria ikifafanuliwa vizuri vile. Wakili alishusha miwani ya kichwani akaiweka juu ya ile ya machoni. Mashine, alisema, ni mali ya kigeni ambayo haijatambuliwa. Kila kilichomo ndani ya mali ya kigeni ni sehemu ya mali hiyo. Majibu yametoka ndani ya mashine. Kwa hiyo majibu ni mali ya kigeni, hayajatambuliwa, hayajalipiwa ushuru, na mtu anayetoka getini nayo ni mlanguzi.

"Lakini sina kitu mkononi!" akasema Bi. Tunu.

"Umeyaweka wapi?"

"Yako kichwani."

"Umekiri mwenyewe. Karani, andika: kichwani."

Nikaandika.

"Basi nilipe," akasema mama yule. "Niambieni ushuru wake nilipe nitoke. Ni birika. Mzee Pazi, si ulisema birika? Nakubali, ni birika, tena zuri."

Mzee Pazi alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mwanangu, wiki iliyopita lingekuwa birika. Leo tumeliona likisema ubaya wa mali ya Serikali. Birika halisemi."

"Basi televisheni."

"Kipindi hakijapitiwa," akasema Wakili.

"Iandikeni vinginevyo! Kitabu chochote cha ushuru kina kifungu cha vinginevyo!"

"Kilijaa," akasema Mwenyekiti. "Watu walikuwa wanakipenda mno, tukakifunga. Mama, usihangaike. Sisi si wakatili. Mashine imetenda jambo ambalo halina kifungu, tutaomba kifungu kitungwe, Bunge litakaa, utalipa, utakwenda. Kwa sasa unaweza kuyaacha majibu hapa ukaondoka hata dakika hii."

"Nitayaachaje na yamo kichwani?"

"Basi kichwa kitayasubiri."

Mtu atauliza, na ninyi mlioona taa ile? Wajumbe wana msamaha wa ushuru kama viongozi wote. Mimi karani nina nusu msamaha: kujua naruhusiwa, kusema siruhusiwi.

Palikuwa na njia moja ya kumsaidia, na Mwenyekiti, kwa huruma zake, aliitaja. Abiria aliyeingia na kitu kisichoruhusiwa anaweza kukitelekeza. Bi. Tunu akitelekeza majibu, yaani akiyasahau mbele ya Kamati, yuko huru. Mama yule alisema papo hapo kwamba amesahau. Wakili akasema kusahau ni tendo, na tendo lionekane. Akaimimina ile chupa ya tano ndani ya glasi, jina lake limetazama upande wa mama.

"Asiyejua kilichomo, atakunywa," akasema.

Bi. Tunu alikitazama kinywaji kile. Najua alikuwa anapiga hesabu kwamba glasi moja haiui mtu mzima, na kwamba nje kuna basi. Aliichukua akanywa yote kwa mkupuo mmoja, hakukunja hata uso, akaiweka mezani chini juu. Mimi nilitaka kupiga makofi.

"Amefumba macho," akasema Mzee Pazi.

"Sikufumba!"

"Umefumba, mwanangu. Ulipoanza. Mtu asiyejua kitu hafumbi macho akinywa maji."

Wakapiga kura, ikawa hivyo. Wakampeleka ghalani.

Msidhani ghala letu ni jela, maana hayo nayo yamesemwa. Ni ghala la forodha, lina bati zima na feni iliyotambuliwa. Bi. Tunu alipewa nafasi nzuri kati ya mashine yake na mashine ya Maabara Kuu. Mashine mbili, zote nzima, na mtu anayejua kuziendesha, wakikaa pamoja kwenye giza. Nilipowaona hivyo moyo uliniuma, sitaficha. Nilimpelekea chai kila siku. Hakuinywa.

"Bwana Karani," aliniambia siku moja, "wewe unatoka hapa kila jioni."

"Natoka, mama."

"Mwambie mtu mmoja tu. Dereva wa basi. Kondakta. Neno moja, jina la kisima, basi."

Nikamweleza habari ya nusu msamaha.

"Una watoto?"

"Ninao, namshukuru Mungu."

"Wanakunywa maji ya wapi?"

"Sisi tuna bomba la mjini."

Akaniangalia. Sikuupenda mtazamo ule, na nilimwambia kwamba haifai kumtazama hivyo mtumishi wa umma anayekuletea chai. Akaniomba radhi. Akaniomba radhi kweli, kwa sauti ya chini, kisha akasema basi angalau chai nisimletee tena, nisijisumbue. Niliendelea kuileta.

Huko nje Idara iliweka ulinzi. Kwa kuwa majibu ni mali inayoweza kurushwa juu ya uzio, kiliwekwa king'ora, na askari aliagizwa akipige kila mzuiliwa akifungua mdomo kwa nguvu. Kwa maongezi ya kawaida hakupiga. Alisimama tu karibu, akasikiliza, na ni haki kusema kwamba alikuwa kijana mstaarabu.

Ndipo mdogo mtu akaja. Aliitwa Mwajabu, mwembamba, khanga yake imefifia kwa vumbi la safari. Alikuwa amembeba mtoto mgongoni ingawa mtoto alikuwa na umri wa kutembea. Jirani yao mmoja, Mama Siwema, alikuwa amemsindikiza ili wapokezane kumbeba. Huyo Mama Siwema, mama mnene mchangamfu, alibaki ng'ambo ya barabara akinunua machungwa ya safari ya kurudi.

Mwajabu alimtua mtoto, akashika waya za uzio.

"Dada Tunu! Mbona hurudi? Watu wanasema umefungwa kwa wizi."

"Sikuiba kitu. Hidaya hajambo?"

"Mwite mwenyewe."

"Hidaya," akaita Bi. Tunu. "Hidaya, mimi mama mkubwa. Njoo hapa, mama."

Mtoto alikuwa anaangalia waya. Baada ya muda aligeuza uso, si upande wa sauti, upande mwingine.

"Dada, ni kipi?" akasema Mwajabu. "Sisi kule tunabahatisha. Jana nimechota msikitini, leo nimechota kwa Waziri, kesho sijui. Niambie ni kipi nisichote."

Bi. Tunu alimtazama askari, na askari akamtazama yeye.

"Usirudi kule," akasema. "Kaa hapa mjini na mtoto."

"Kwa nani? Tuna nani hapa?"

"Nenda kwa shangazi."

"Shangazi alishakufa, dada, tulizika pamoja. Una nini wewe? Ni mtoto wangu huyu! Sema!"

Mama yule alishika waya, mikono yake juu ya mikono ya mdogo wake. Nilikuwa hatua chache na birika langu, birika la kweli, na nilimwona anavyopigana na nafsi yake. Akisema, mdogo wake atakuwa na mzigo. Asiposema, mtoto atarudi kunywa. Nafikiri alidhani atamwahi askari. Akasogeza mdomo kwenye sikio la Mwajabu, akanong'ona neno moja, kisha akamsukuma: "Kimbia!"

Mwajabu alikimbia. Alimnyakua mtoto akakimbia kweli, lakini mtu aliyebeba mtoto mkubwa hafiki mbali, na geti lilikuwa na askari wengine. Wakili Shemsa akashuka. Akamuuliza Mwajabu kama anajua. Yule mama alikuwa ameanza kupiga kelele kumwelekea jirani yake ng'ambo ya barabara, na mtu asiyejua hapigi kelele namna ile. King'ora kikapigwa. Akavutwa ndani ya uzio, akawekwa pamoja na dada yake.

Akabaki mtoto. Wakili aliinama mbele yake, kwa upole kabisa, mimi ni shahidi.

"Mwanangu, mama mkubwa amesema nini?"

Hidaya alimtazama.

"Amesema kisima gani? Hebu niambie, nitakupa peremende."

Mtoto aliitazama peremende. Aliitazama kama kitu ambacho aliwahi kukijua. Wakili akangoja, akauliza tena, akapiga makofi karibu na sikio lake. Hakuna. Akasimama, akajipangusa magoti.

"Hana kitu," akasema. "Aachiwe. Sheria haimzuii mtu asiye na mzigo."

Nilifurahi. Nasema kweli nilifurahi, nilidhani angalau mmoja.

Mama Siwema alikuwa ameshavuka kuja, machungwa yamemwagika nusu njiani, akiuliza kuna nini, kuna nini. Kule ndani wale dada wawili walikuwa wameshika uzio na kupiga mayowe, mishipa imewatoka shingoni, lakini askari alikuwa ameegemea king'ora chake na hakuna neno hata moja lililovuka. Niliona midomo tu. Mwajabu alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, hapana.

"Baba!" Mama Siwema akanipigia kelele sikioni. "Wanasemaje wale?"

Nilimtazama Wakili. Wakili alikuwa ananitazama.

"Wanakuaga," nikasema.

"Masikini!" Akawapungia mkono. "Waambie wasiwe na wasiwasi hata kidogo! Mtoto nitakaa naye mimi mpaka watoke. Kwangu hatapata shida. Kile kisima cha Waziri kiko mlangoni pangu, maji ni ya kujimwagia, nitamnywesha uji asubuhi na jioni mpaka anenepe!"

Nikamwambia nitawaambia.

Akamshika Hidaya mkono. Barabara ile ya bandarini ina malori, na madereva wake hawana simile, kwa hiyo niliweka birika chini, nikamshika mtoto mkono wa pili, nikasimamisha magari, nikawavusha, nikasubiri mpaka basi lao likaondoka.